Shahidi Aliyeamini Kicheko

Siku ya kwanza ya mafunzo, Matroni Sekela Mwambene alipanda juu ya kigoda ili hata wanafunzi wa nyuma wamwone mdomo, kisha akasema:

"Hapa hatumwulizi mgonjwa anaumwa kiasi gani. Swali hilo limekufa. Limezikwa. Asije mtu akalifukua."

Akainua mkononi kitu chembamba kama kipande cha ndizi iliyokaushwa, chenye kunata upande mmoja. Huyo ndiye alikuwa Shahidi. Unambandika juu ya nyusi ya mgonjwa, naye anasoma jasho, mapigo ya moyo, pumzi, misuli ya uso na mtetemo wa sauti, anavipika vyote kwenye chungu kimoja, halafu anatangaza namba kwa sauti nzito ya msoma taarifa ya habari. Sifuri ni raha tupu. Kumi ni jehanamu. Namba ikifika tano, kabati la dawa lililo ukutani linafunguka lenyewe na kusukuma nje kikombe cha mofini ya maji, kipimo kamili. Isipofika tano, kabati halifunguki hata ukilisomea rozari.

Kwa hiyo katika Hospitali ya Saratani ya Ndilima, kujifunza kupima maumivu kulikuwa ni kujifunza kubandika. Wanafunzi walifundishwa kufuta jasho, kunyoa ukingo wa nyusi bila kumwacha mgonjwa na uso wa mtu aliyeshangaa milele, na kutambua ngozi yenye mafuta. Mwanafunzi mmoja alimbandika Shahidi kwa mama aliyekuwa amejipaka mafuta ya mgando usoni. Shahidi akateleza taratibu hadi mdomoni, akaendelea kutangaza namba huku anatafunwa. Mwanafunzi huyo sasa anauza vocha mjini.

Egno Mapunda hakuwa wa kuuza vocha. Alikuwa kijana wa Kingoni kutoka Songea, mwenye shingo ndefu na maneno marefu zaidi, na tangu wiki ya kwanza alijua kwamba yeye ndiye bora katika darasa lile. Alichokuwa anasubiri ni watu wengine kulijua hilo. Hawakuchelewa, na aliyewasaidia kulijua alikuwa mgonjwa wa kitanda cha nne.

*

Mzee Atanasi Kikoti alikuwa fundi wa kuezeka mapaa, mwenyeji wa Kilolo. Saratani yake ilianzia kwenye tezi dume, ikapanda ikaingia kwenye mifupa ya nyonga na uti wa mgongo. Kabla Egno hajaja, Shahidi alikuwa akimtangazia sita asubuhi na saba jioni, kabati linafunguka, mzee anakunywa dawa yake na kulala.

Kisha akaja Mngoni.

Mzee Kikoti alikuwa Mhehe. Mababu zao walipigana vita vikali, na kwa kuwa vita hivyo viliisha bila mshindi wa kueleweka, wajukuu waliamua kuvimalizia kwa mdomo. Huo ndio utani wa makabila. Mtani akikutukana hukasiriki, akikunyang'anya kitu humpeleki polisi, na ukifiwa yeye ndiye anayekuja kufanya vituko msibani mpaka ucheke na machozi yakiwa bado shavuni.

"Kamwene, babu," Egno alisalimu kwa Kihehe asubuhi ya kwanza, baada ya kusoma jina kwenye kitanda.

Mzee alimtazama juu hadi chini, akasoma jina kifuani. "Mapunda. Mngoni huyu! Nani kamruhusu kuingia? Sista! Ficheni panya wa maabara!"

"Usihofu, babu. Nimeona mbwa wa mlinzi hayupo getini, nikajua hapa kuna Mhehe na kwamba ameshashiba."

Mzee Kikoti alicheka mpaka chupa ya maji ikatetemeka juu ya meza.

"Mbili," akasema Shahidi.

"Tuliwapiga nyinyi," mzee akaendelea huku anajifuta macho. "Mlikimbia mpaka viatu mkaacha njiani."

"Hatukuwa na viatu, babu."

"Ndiyo maana mlikimbia vizuri!"

"Mbili," Shahidi akarudia, na kabati likabaki limefungwa.

Jioni, hivyo hivyo. Kesho yake, hivyo hivyo. Kwa sababu mashine zilikuwa chache, Shahidi alibandikwa asubuhi na jioni tu, kisha akahamishiwa kitanda kingine. Na zamu zote mbili za kitanda cha nne Egno alizichukua mwenyewe, maana nani anaacha ushindi wake auchukue mwingine?

Koridoni kulikuwa na Ubao wa Utulivu, ulioonyesha ni mwanafunzi gani ameshusha namba za wagonjwa wake kuliko wenzake. Jina la Egno lilipanda mpaka juu kabisa, likakaa pale kama jogoo juu ya paa. Wapishi wa kantini wakaanza kumwongezea nyama. Walimwita Mkono wa Dawa, naye akawa anatembea ameushika mkono ule mbele kidogo, kama mtu aliyebeba yai.

Matroni alimwita ofisini.

"Mapunda, unajua ulichogundua? Mgonjwa wa saba umemfanya wa mbili bila tone la dawa. Nimeandika pendekezo. Tiba ya Utani." Aliyatamka maneno hayo polepole, ameyapenda. "Kila wodi itakuwa na watani wake walioajiriwa. Kwa Wasukuma tumeshaomba Wazaramo wawili. Kwa Wachaga tunatafuta Mpare, ila kila Mpare tunayempata anataka kwanza mkataba usomwe na wakili wake. Mofini itabaki kwa wasio na watani. Ijumaa anakuja mkaguzi wa vyuo, Dokta Rwechungura. Mtihani wako wa mwisho utaufanya mbele yake, kwa Mzee Kikoti. Namba ikishuka mikononi mwako, umefaulu. Na mwaka ujao wewe ndiye utakayefundisha somo hilo."

"Na ikipanda?"

Matroni alicheka. "Ikipanda mikononi mwako, Mapunda, unarudi Songea kesho yake. Lakini itapandaje?"

Egno naye alicheka. Ilikuwa Jumanne. Alikuwa na furaha mpaka Jumatano asubuhi.

*

Jumatano aliingia wodini akiwa na wazo la kumnyang'anya mzee kitu, maana matusi peke yake yalikuwa yameanza kujirudia. Akautazama mto.

"Mto huu umekaa kitajiri sana kwa Mhehe," alisema. "Naenda nao kwetu."

"Acha mto wangu, mwizi wewe!"

Egno alikuwa ameshauchomoa. Akaugeuza, akauinua juu ili kitanda cha tatu na cha tano waone nyara. Hapo ndipo vidole vyake vikaingia kwenye tundu.

Kona nzima ya mto ilikuwa imetafunwa. Kitambaa kilichanika, sifongo ikachomoza, na sifongo ilikuwa na alama za meno zilizopangana vizuri, zenye pengo moja katikati. Egno alitazama mdomo wa Mzee Kikoti. Pengo lilikuwa pale pale.

"Babu, nini hiki?"

"Mbwa kapita hapa."

"Babu."

"Nikamwacha ale. Mbwa akinenepa, faida ya nani?" Mzee akaangua kicheko.

"Mbili," akasema Shahidi.

Kwa mara ya kwanza Egno hakucheka, na kwa kuwa hakucheka alipata nafasi ya kutazama. Mdomo wa mzee ulicheka. Macho yalicheka. Lakini mguu wa kushoto haukuwa umesogea hata kidogo tangu aingie. Vidole vya mguu vilijikunja chini ya shuka kama vimeshika tawi. Mkono mmoja ulishikilia chuma cha kitanda, na vifundo vyake vilikuwa vimepauka. Kuanzia shingo kwenda chini, hakuna kilichokuwa kinacheka.

"Unaumwa, babu?"

"Mimi? Mbele ya Mngoni?" Mzee aliuliza, kana kwamba ameombwa avue nguo. "Nirudishie mto wangu, mla panya."

*

Matroni alikuwa anakunywa chai Egno alipoingia bila kubisha hodi.

"Mzee Kikoti anaumwa sana, Matroni."

"Shahidi kasemaje?"

"Mbili."

"Basi anaumwa mbili."

"Ametafuna mto!"

"Labda ana upungufu wa madini."

"Matroni! Kabla sijaja mimi alikuwa saba. Saratani haijapungua. Mifupa ni ile ile. Kilichoongezeka ni mimi na mdomo wangu. Shahidi akiona uso unacheka anaandika raha. Sijamtibu yule mzee. Nimemzibia kabati!"

Alikuwa ameanza kupaza sauti, na Egno akipaza sauti hata mapazia yalisikiliza. Matroni aliweka kikombe chini. Hakukasirika, na hilo lilimwudhi Egno zaidi.

"Kaa," alisema. "Unajua kwa nini swali lile tulilizika? Zamani manesi walikuwa wanauliza. Mke wa bwana mkubwa akisema naumwa, dawa inakuja mbio. Mama wa kijijini akisema naumwa, anaambiwa anadeka. Kijana akisema naumwa, anaambiwa huyu anataka kulewa. Kila nesi alikuwa na mizani yake kichwani, na kila mizani ilikuwa na mjomba. Shahidi hana mjomba. Haangalii kiatu cha mtu. Nikikuruhusu leo umpandishe Kikoti kwa sababu moyo wako umesema, kesho nitamzuiaje mwingine asimshushe mgonjwa kwa sababu moyo wake umemchukia?"

Egno alikuwa na hasira ya mtu aliyepigwa na hoja nzuri, ambayo ni mbaya kuliko hasira ya kupigwa ngumi, kwa kuwa ngumi unaweza kuirudisha.

"Lakini anaumwa," akasema mwisho.

"Basi Shahidi amwone anaumwa. Mimi nina kabati moja na sheria moja." Matroni alichukua tena kikombe chake. Kabla Egno hajafika mlangoni aliuliza, kwa sauti ya chini kidogo, "Mto upande gani?"

"Kona ya kushoto. Anakolalia."

Chai ya Matroni ilipoa mbele yake.

*

Asnath, mwenzake wa darasa, binti wa Kigogo asiyekuwa na subira na hoja ndefu, alikuwa na njia fupi.

"Mashine haijui uso wa nani," alimwambia Egno walipojifungia kwenye chumba cha mashuka jioni ile. "Jibandike wewe. Uumie. Kabati la wodini lifunguke. Umpelekee mzee kikombe. Kila siku, mpaka umalize chuo."

"Huo ni wizi."

"Basi mwache atafune na godoro."

Egno alimtoa Shahidi mfukoni, akambandika juu ya nyusi yake mwenyewe. Kama ni kudanganya mashine ili iseme ukweli, alijiambia, basi huo si udanganyifu, ni tafsiri. Alivua kiatu, akaweka kidole gumba chini ya mguu wa stuli ya chuma. Asnath akaikalia stuli. Asnath alikuwa na mwili uliobarikiwa.

"Vipi?" aliuliza.

"Kawaida," akasema Egno.

"Moja," akasema Shahidi.

Asnath akajitikisa kidogo. "Na sasa?"

"Hata sisikii kitu. Umeshakaa?"

"Moja."

"Egno, jicho lako linatoa chozi."

"Vumbi la mashuka."

"Egno, kucha imekuwa nyeusi!"

"Ndiyo rangi yake."

"Moja," akasema Shahidi kwa mamlaka yote ya taifa.

Asnath aliinuka kwa hasira. "Piga kelele basi! Mashine inataka kusikia! Kwa nini hulii?"

"Nilie?" Egno aliuliza, meno yamekutana. "Mbele yako?"

Maneno hayo yalipotoka, aliyasikia mwenyewe. Alikaa juu ya rundo la mashuka na kidole chake kilichovimba, akatazama ukuta. Mguu ulikuwa unawaka moto mpaka gotini, naye alikuwa amekaa pale anatabasamu kama bwana harusi kwa sababu tu kulikuwa na msichana chumbani. Kwake ilikuwa dakika chache. Mzee Kikoti alikuwa anafanya hivyo kila asubuhi na kila jioni, na aliyekuwa amesimama mbele yake hakuwa msichana. Alikuwa jeshi zima la Wangoni.

"Kidole hakijavunjika?" Asnath aliuliza, sasa kwa huruma.

"Asnath," alisema Egno, "kinachomwua mzee yule ni mimi kusimama pale."

Lakini kuondoka zamu hakungesaidia. Ijumaa mtihani ungekuwa kwake, Tiba ya Utani ingepitishwa, na kila kitanda nchini kingepelekewa mtani wake wa kukizibia kabati. Angeweza kudanganya mashine kimyakimya, akafaulu, akampa mzee mmoja dawa, na wengine wote wakatafuna mito. Au angeweza kumfanya mzee mwenye heshima zake aumbuke mbele ya wageni, ili mashine imwone. Hakupenda hata moja kati ya hayo. Alichechemea kwenda bwenini akiyachukia yote mawili kwa usawa.

*

Ijumaa Dokta Rwechungura aliwasili amevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine ya akiba imening'inia kifuani. Alimsikiliza kila mtu kwa upole wa mtu aliyeshajua jibu. Nyuma yake walifuata Matroni, Asnath na darasa zima, na nyuma yao mfagiaji wa wodi, mama mmoja wa Kingoni kutoka Namtumbo, ambaye alikuwa ameambiwa kijana wa kwao leo atawaonyesha.

Egno alivuta kiti, akakaa karibu na kitanda, macho yake yakawa sawa na macho ya mzee. Alimbandika Shahidi.

"Leo Mngoni amechana nywele!" akasema Mzee Kikoti kwa sauti ya kufikia kitanda cha mwisho. "Nani kafa? Panya wa ukoo?"

Wanafunzi walicheka. Mzee alicheka kuliko wote.

"Mbili," akasema Shahidi.

"Ajabu," alinong'ona Dokta Rwechungura. "Hajafanya lolote bado."

Egno alivuta pumzi. "Babu. Vile vita."

"Vipi vile vita?"

"Tulishindwa."

Mfagiaji wa Namtumbo akadondosha ufagio.

"Unasema?" akauliza mzee.

"Wangoni tulishindwa. Mlitupiga, tukakimbia. Babu wa babu yangu alikuwa wa mbele kabisa katika kukimbia, ndiyo maana mimi nimezaliwa." Kila neno lilimtoka Egno kama jino linalong'olewa bila ganzi. Shingo yake ndefu ilikuwa imeshuka mabegani. "Nasema mbele ya watu. Nasema mbele ya mkaguzi. Umeshinda, babu. Hakuna adui tena mlangoni. Weka mkuki chini, upumzike."

Mzee Kikoti alimkodolea macho. Midomo yake ilianza kutafuta neno la kujibu, ikatafuta huku, ikatafuta kule. Halikuwepo. Katika miaka yote ya utani hakuna aliyewahi kumwandaa kwa Mngoni anayekubali.

"Sasa nakuuliza," alisema Egno. "Unaumwa wapi?"

Matroni alishtuka. Swali lilikuwa limefukuliwa, liko hai, limesimama katikati ya wodi.

Uso wa mzee ukashuka polepole, kama turubai lililolegezwa kamba.

"Nyonga," akasema. "Ya kushoto. Inashuka mpaka gotini."

"Nne," akasema Shahidi.

"Maumivu ya namna gani, babu?"

"Misumari ya paa. Ile mirefu ya kufungia mbao za kenchi. Kuna mtu humo ndani anapigilia, na hapumziki hata kunywa chai."

"Sita."

"Yanazidi wakati gani?"

"Wakinigeuza. Nikikohoa. Nikicheka."

Egno alihisi neno lile limemwingia na kukaa. Kisha akauliza swali la mwisho.

"Kiasi gani, babu? Sifuri mpaka kumi."

"Tisa," akasema Mzee Kikoti, na mkono wake ukaachia chuma cha kitanda, ukashika mkono wa Egno badala yake.

"Nane," akasema Shahidi. Akasita. "Tisa."

Kabati likafunguka kwa kishindo. Egno alichukua kikombe, akamnyanyua mzee kichwa, akamnywesha taratibu mpaka tone la mwisho. Alipoweka kikombe chini, Dokta Rwechungura alikuwa anabadilisha miwani.

"Imepanda," alisema, akimgeukia Matroni. "Kutoka mbili hadi tisa. Mikononi mwa mwanafunzi wenu bora."

Hapo Egno akasimama, na moto wake wote ukasimama naye.

"Haikupanda, Dokta! Ilikuwepo. Ilikuwepo jana na juzi, na mimi nilikuwa naipigia makofi! Huyu mzee anaumia akicheka, na nimemchekesha asubuhi na jioni ili jina langu likae juu ya ubao. Na leo imebidi tumvue heshima yake mbele ya wageni, kama mtu anayevuliwa shati sokoni, ndipo mashine ikubali anachokijua yeye mwenyewe. Kama ni mtihani, nimeshindwa. Andika nimeshindwa, na herufi uziweke kubwa. Lakini usiandike imepanda!"

"Kijana, punguza sauti."

"Sauti hii ndiyo ndogo!"

"Mapunda," akasema Matroni.

Egno alikaa. Dokta Rwechungura alikohoa, akasema nadhani tumeona ya kutosha, tuelekee wodi inayofuata, na nimeambiwa huko kuna sambusa.

"Hapana, Dokta," alisema Matroni. Alikuwa anautazama mto. Ulikuwa umeteleza, na kona yake ya kushoto ilionekana. "Mgonjwa amepewa dawa sasa hivi. Tunasubiri ifanye kazi, halafu tunapima tena. Hiyo bado ni sheria. Kaa."

Dokta Rwechungura aliketi kwenye kiti cha karibu, ambacho kilikuwa kiti cha choo cha wagonjwa. Hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumweleza.

Wakasubiri. Taratibu, vidole vya mguu chini ya shuka vilifunguka kimoja kimoja. Pumzi ya mzee ikarefuka. Baadaye mguu wa kushoto ukasogea, ukanyooka wenyewe, na Mzee Kikoti akautazama kama mgeni aliyefika bila taarifa. Muda si mrefu ulimi wake nao ukarudi.

"Nyinyi mliokuwepo," alitangaza, "mmesikia. Mngoni amekiri. Nataka iandikwe na iwekwe muhuri."

Egno, ambaye shingo yake ilikuwa imeanza kupanda tena, alijifuta pua. "Nilikiri kwa ajili ya matibabu, babu. Mgonjwa huambiwa lolote litakalomsaidia."

"Unasema?"

"Tuliwapiga. Kila mtu anajua."

"Unarudisha maneno? Mbele ya mkaguzi? Wewe..." Uso wa mzee ulijikunja, mishipa ikasimama kwenye paji, nyusi zikakutana, akatweta akilitafuta tusi lenye uzito unaostahili.

"Sita," akasema Shahidi.

Kabati likafunguka tena, likasukuma nje kikombe kingine.

Dokta Rwechungura akainuka kwenye kiti chake. "Haya, maumivu yamerudi. Sita. Mpeni dawa."

Egno alitazama kikombe, akamtazama Matroni. Matroni Sekela Mwambene alisogea mpaka kitandani. Alisimama pale kidogo, kisha akainama, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ya mtu anayejaribu ufunguo kwenye kufuli lisilofunguliwa siku nyingi.

"Mzee Kikoti. Unaumwa kiasi gani?"

Mzee alifikiri. Alisogeza nyonga kidogo kushoto, kidogo kulia, akiipima.

"Tatu," akasema. "Na hiyo tatu yote ni ya huyu Mngoni."

"Shahidi amesema sita, Matroni," Dokta Rwechungura alikumbusha.

Matroni alikirudisha kikombe kabatini, akausukuma mlango kwa kiwiko mpaka ukajifunga.

"Mapunda," alisema, "andika tatu."